Muulize Fundi: Mtandao wa nyumbani hauli bando

Mbukwenyi, wasomaji. Mwezi huu barua nyingi zimegusa jambo moja: namna ya kuweka picha, video na muziki wa familia mahali pamoja, watu wote wa nyumba waangalie bila kugombania diski. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu aliyeandika amejieleza vizuri, na kwa sababu shida yake ndiyo ya nusu ya watu wanaoingia kwenye kibanda changu hapa Majengo, Dodoma.

Shikamoo Fundi. Mimi ni mwalimu, nakaa Ipagala. Nina diski ya nje ya terabaiti mbili. Ndani kuna video ya harusi yetu, kipaimara cha watoto, mazoezi ya kwaya, masomo ya watoto na muvi kama mia tatu. Diski hii kazi yake ni kutembea: asubuhi iko kwenye laptopu yangu, jioni kwenye TV ya sebuleni, usiku mwanangu wa kidato cha tatu ameibeba chumbani kwake. Wiki iliyopita imeanguka sakafuni. Bado inafanya kazi, ila mimi ndiye sina amani. Nataka ikae mahali pamoja, sisi tuangalie kwa waifai. Mume wangu anasema bando litatufilisi. Nianze na nini?

Marahaba, mwalimu. Nianze na mzee wa nyumba, maana yeye asipotulia hutanunua hata waya.

Kiswahili chetu kimetuponza kidogo hapa. Neno “mtandao” tumelibebesha mizigo miwili. Mtu akisema mtandao umekata, huenda ni intaneti, huenda ni simu, na tumezoea hivyo mpaka tukasahau kwamba mtandao ni kitu kilichotandwa tu, kama utando wa buibui kwenye pembe ya dari. Si lazima ufike Dar, wala Ulaya. Ruta yako inafanya kazi mbili ndani ya gamba moja. Moja ni kuwa mlango wa kutokea nje, na bando huliwa hapo. Ya pili ni kuunganisha vyombo vya humo ndani: simu na TV, TV na laptopu. Video inayotoka kwenye laptopu ya koridoni kwenda kwenye TV ya sebuleni haipiti mlango wa nje kabisa. Mzee akibisha, subirini bando liishe lenyewe, kisha mwekee kipaimara. Kitacheza mwanzo mpaka mwisho.

Mitego ni miwili. Simu nyingi za Android zikiona waifai haina intaneti huihama kimyakimya na kurudi kwenye data za laini. Hapo mtoto atakwambia “seva imekufa”, yaani ile kompyuta inayogawa video, kumbe simu yake imetoka nje ya nyumba na inakula bando kwa mambo mengine. Simu ikiuliza kama ibaki kwenye waifai isiyo na intaneti, ijibu ibaki, na isikuulize tena. Mtego wa pili nitaufikia kwenye programu.

Sasa hiyo diski iliyoanguka. Hapa nitakuchelewesha.

Mwaka 2019 nilikuwa na diski yangu juu ya friji. Ndiyo, mimi fundi, juu ya friji. Ndani yake mlikuwa na saa tisa za sauti ya mama yangu, marehemu sasa, akisimulia kwa Cigogo mambo aliyoyapokea kwa mama yake: Mtunya, ile njaa iliyoumaliza Ugogo kati ya 1917 na 1920, nani alikwenda wapi, nani hakurudi. Umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika, ukarudi kwa kishindo. Diski ikaanza kulia tik, tik, tik. Nikampelekea mtu mmoja Dar aliyejisifu kwamba anaokoa data. Akachukua nusu ya pesa, akaifungua mezani pake, feni ya dari ikizunguka juu. Mle ndani kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache tu. Unywele wako ni mnene kuliko nafasi hiyo mara maelfu. Chembe moja ya vumbi ikitua pale ni kama jiwe kubwa katikati ya barabara ya Singida, na basi liko kwenye spidi yake. Kilichobaki ni dakika nne zilizokuwa kwenye simu ya mpwa wangu, na katika hizo nne, mbili ni jogoo.

Kwa hiyo, mwalimu, kitu cha kwanza kununua ni diski ya pili. Ruta ingoje, waya ungoje. Leo hiihii hamisha vile ambavyo havipatikani dukani: harusi, kipaimara, kwaya, picha. Muvi mia tatu utazipata tena. Harusi haifungwi mara mbili kwa mume yuleyule. Ukimaliza, ile nakala usiifungie kwenye kabati la chumba kilekile, kwa sababu mwizi akiingia habagui. Mpe ndugu wa mtaa mwingine, halafu kila mshahara ukitoka ifuate, ongeza mapya, irudishe. Mimi yangu iko kwa dada yangu Makole, ndani ya sanduku la vitenge, na hajui hata ni nini. Anajua tu kwamba haiguswi.

Iliyoanguka nayo ipime. Programu ya CrystalDiskInfo ni ya bure, inaonyesha afya ya diski kwa rangi. Ikiwa ya bluu, endelea nayo. Ikiwa ya njano, diski imeanza kuhama sehemu zake mbovu; itumie kwa muvi tu, na usiiamini. Nyekundu sina haja ya kuieleza. Na hiyo mpya ikionyesha 1.81 badala ya 2, usirudi dukani kugombana: muuzaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024. Hakuna aliyekuibia.

Baada ya hapo mashine. Usinunue seva. Kama kuna laptopu ya zamani iliyovunjika kioo au iliyong'oka vitufe, hiyo ndiyo seva yako. Uzuri wake ni betri: umeme ukikatika inaendelea kuhema, na kwa kuwa ile diski ndogo ya nje hupata umeme wake kwenye laptopu kupitia USB, nayo haishtuki. Ningekuwa na laptopu pale juu ya friji mwaka 2019, nisingekuwa naandika habari za jogoo. Ruta ndiyo itazimika, hivyo itafutie ile betri ndogo ya volti 12 inayochomekwa katikati ya chaja na ruta. Mafundi wa kamera za ulinzi wanayo. Uichungulie betri ya laptopu kila mwezi, maana ikikaa kwenye chaji mwaka mzima inaweza kuvimba. Kama pedi ya kipanya imeanza kunyanyuka, itoe siku hiyohiyo.

Umeme haitakula sana. Laptopu iliyotulia inavuta wati 15 hivi, ikikesha mwezi mzima ni uniti 11 kasoro. Ile kompyuta ya mezani ya zamani, yenye sanduku la kusimama, inaweza kuvuta wati 60 hata ikiwa haifanyi kitu, na hiyo ni uniti 43. Tofauti hii ina uzito kwa nyumba zilizo kwenye daraja la matumizi madogo, lile lisilozidi uniti 75 kwa mwezi. Sanduku moja tu, likijumlishwa na matumizi mengine ya nyumba, linaweza kukutoa humo, na bei ya uniti itabadilika.

Diski ichomeke kwenye tundu la USB lenye ulimi wa bluu ndani. Ule mweusi ni wa kizazi cha zamani na unachosha. Na kama ruta yako ina tundu la USB, najua utashawishika kuchomeka diski palepale na kuachana na laptopu. Nimewafungia watu kadhaa hivyo, wote wamerudi. Ruta nyingi za nyumbani hazina nguvu ya kuzungusha diski vizuri. Inaanza kulia tik tik, na wewe sasa unajua nauchukuliaje mlio huo.

Mahali pa kuiweka: si darini. Chini ya bati la Dodoma mwezi wa kumi na wa kumi na moja, kabla mvua haijaja, huko juu hata panya anatafuta kivuli. Si jikoni. Si juu ya friji, tumeelewana. Shelfu ya koridoni, usawa wa kiuno, karibu na ruta, feni ya laptopu isizibwe na kitambaa cha kupambia. Ule msimu wa upepo, Juni mpaka Agosti, ipulize vumbi kila baada ya wiki mbili. Wenyeji wa Ipagala mnajua vumbi linavyoingia hata dirisha likiwa limefungwa.

Waya ndio utakaokupa raha au karaha. Watu wanaona waya ni ushamba. Sikiliza: waifai ni hewa moja mnayogawana, kama watu wanaoongea katika chumba kimoja. Laptopu ikiwa kwenye waifai na TV ikiwa kwenye waifai, video ileile inapita hewani mara mbili, kwanza kutoka laptopu kwenda kwenye ruta, kisha kutoka ruta kwenda kwenye TV. Ukiiunganisha laptopu na ruta kwa waya, umepunguza kelele nusu, hata kama TV na simu zitabaki hewani. Kwa hiyo waya mmoja wa mita mbili unakutosha kuanzia. Kwa vyumba vya mbali, jua kwamba ile waifai ya gigahezi 2.4 inapenya ukuta wa tofali vizuri zaidi, na ile ya 5 ina kasi zaidi lakini ukuta wa pili unaichosha.

Ukinunua waya, usiuchague kwa rangi. Madukani mwetu umejaa waya wa alumini uliopakwa shaba kwa juu. Ukwangue kwa kisu: wa shaba ni mwekundu mpaka ndani, wa alumini unang'aa mweupe. Wa pili hukatika ovyo kwenye kona. Tena ndani ya waya mna nyuzi ndogo nane, na zote nane zina kazi. Mwezi wa tatu niliitwa kwa mteja mmoja Kisasa aliyekuwa anahamisha gigabaiti 700 za video za maharusi. Yeye ni mpiga picha. Kompyuta ilikuwa inamwambia asubiri saa 17 na ushei. Nikaangalia kasi: megabaiti 11 kwa sekunde. Sikuhitaji kuona kingine. Namba 11 ni kama homa, inakwambia ugonjwa kabla ya kipimo. Maana yake ni kwamba mahali fulani njiani waya unapitisha megabiti 100 badala ya 1,000. Ama ruta ni ya matundu ya megabiti 100, na hapo huna la kufanya, ama kuna uzi umekatika. Nikafuata waya mpaka kwenye kichwa chake: aliyeufunga alichomeka nyuzi nne, nne nyingine akazikata na kuzikunja nyuma kwa solotepu. Nikakata kichwa, nikafunga nane, kasi ikapanda mpaka karibu 110. Ile kazi ya saa 17 ilimalizika chini ya saa mbili. Tulikuwa bado tunakunywa chai.

Programu sitairefusha. Weka Jellyfin kwenye laptopu; ndiyo itakayogawa video na muziki kwa TV na simu. Ni ya bure, haina usajili, haihitaji akaunti ya mtu yeyote nje ya nyumba yako. Zima usingizi wa laptopu, na uiamuru isilale hata kifuniko kikifungwa. Ingia kwenye ruta, iwekee laptopu anwani moja ya kudumu, tuseme 192.168.1.50, vinginevyo kila umeme ukikatika itapewa anwani mpya na watoto wataipoteza. Kisha kwenye simu au TV andika anwani hiyo, nukta pacha, 8096. TV ya Android ina programu yake ya Jellyfin; kama yako haina, tumia kivinjari cha TV au nunua kisanduku cha Android kinachochomekwa kwenye HDMI.

Mtego wa pili niliouahidi ndio huu. Jellyfin hupenda kutafuta mapambo, yaani mabango na maelezo ya muvi, na huyatafuta kwenye intaneti. Muvi mia tatu zitakula bando kidogo siku ya kwanza. Hilo si baya. Baya ni kwamba ukiweka video za familia kwenye maktaba ya muvi, nazo itazitafutia. Kwangu ilikichukua kipaimara cha binti yangu ikakipa bango la Mzungu mwenye bunduki akikimbia mlipuko. Binti alicheka, bibi yake hakucheka. Tengeneza maktaba mbili: ya muvi, na nyingine ya aina ya video na picha za nyumbani. Za nyumbani zianzie na tarehe, mwaka mbele: 2014-12-27 Harusi. Zitajipanga zenyewe.

Na yule wa kidato cha tatu mfungulie jina lake na nenosiri lake, umwonyeshe masomo, kwaya na muvi utakazochagua wewe. Jellyfin inaruhusu kila mtu aone maktaba zake tu. Mtihani wa taifa wa kidato cha nne hauko mbali.

Fundi mambo! Niko Nkuhungu. Nimeshafunga Jellyfin kwenye kompyuta ya zamani ya ofisi, muvi za kawaida zinaenda freshi. Za 4K zinacheza sekunde kumi zinaganda, na kompyuta inanguruma kama ndege inataka kuruka. Ninunue bando la spidi kubwa?

Poa kijana. Bando liache, soma nilivyomwandikia mwalimu hapo juu.

Umenipa jibu mwenyewe: inanguruma. Kompyuta inayogawa faili haingurumi; inayonguruma inapika. Muvi hizo nyingi zimefungwa kwa H.265, namna mpya ya kubana video, na TV au simu yako ikiwa haijui kuifungua, seva inalazimika kuipika upya kwa H.264, ile namna ya zamani, huku wewe unatazama. Hiyo kazi ni nzito mno kwa prosesa ya zamani. Fungua dashibodi ya Jellyfin wakati muvi inacheza, itakwambia kama inaipitisha moja kwa moja au inaigeuza. Kama inaigeuza, kwanza zima maandishi ya tafsiri yanayotembea chini: mengine ni picha, si herufi, na kuyabandika juu ya video kunailazimisha mashine ipike kila kitu upya. Nusu ya kesi zinaishia hapo.

Zisipoishia hapo, tafuta chombo cha kutazamia kinachojua H.265, ambavyo siku hizi ni vingi na bei yake ni ndogo kuliko kompyuta mpya. Au angalia prosesa: za Intel kuanzia kizazi cha saba zina kijiko maalumu cha kupikia H.265, hata ile ya biti 10. Ila kijiko hicho hakitumiki mpaka ukiwashe mwenyewe kwenye mipangilio ya Jellyfin. Kinaitwa Quick Sync.

Na kama siku moja itaganda bila kunguruma, hapo ndipo umshuku waya. Hapa kuna kituko: TV nyingi za 4K, hata za bei mbaya, tundu lake la waya ni la megabiti 100 tu. Muvi ya 4K iliyotolewa kwenye diski bila kubanwa inaweza kuvuka hapo kwenye sehemu zenye vurugu. Kwa TV ya namna hiyo, ikiwa chumba kimoja na ruta, waifai ya 5 itaushinda waya. Mimi niliyesifia waya ndiye nasema.

Habari za kazi, Fundi. Mimi ni mtumishi, ofisi yangu iko Mtumba. Nataka kununua lile sanduku la NAS la diski nne, la kuhifadhia mafaili ya nyumba nzima. Muuzaji anasema nikiziunganisha kwa RAID sitahitaji nakala nyingine maisha. Pia mke wangu yuko Mwanza kikazi, ningependa aone picha za watoto kutoka huko.

Nzuri, ndugu yangu. Muuzaji anauza. RAID maana yake ni kwamba diski moja ikifa, sanduku linaendelea kufanya kazi. Basi. Ukiweka nne za terabaiti 4 kwa RAID 5 utapata 12 za kutumia, na moja inaweza kufa bila wewe kupoteza kitu. Lakini mtoto akifuta folda, imefutika kote kwa mpigo. Radi ya Januari ikipita kwenye waya, itazigonga zote nne maana zinakula sahani moja. Mwizi atabeba sanduku zima, lina hata mpini.

Kwa pesa hiyohiyo nunua sanduku la diski mbili, na zinazobaki nunua diski ya nje ya kupeleka kwa ndugu. Usiliache bila UPS, ile betri ya kulishikilia umeme ukikatika. Friji gadi peke yake hailiokoi na mshtuko wa kuzimika katikati ya kuandika.

Kuhusu mama wa Mwanza: asikudanganye mtu ufungue tundu kwenye ruta ili sanduku lionekane duniani. Mwaka 2022 kirusi kiitwacho DeadBolt kilifunga mafaili ya watu waliokuwa wameacha masanduku yao ya QNAP wazi kwenye intaneti, kikadai fidia. Tumia programu ya Tailscale, ambayo inalipatia sanduku na simu ya mama njia yao ya siri, na inafanya kazi hata kwa intaneti ya laini ya simu, ambayo mara nyingi haikupi anwani yako mwenyewe ya nje. Hapo sasa bando litaliwa, lako na lake, kwa sababu mmeshatoka nyumbani. Picha zitakwenda vizuri. Video ndefu mwekee kwenye flashi akija likizo.

Mwanangu fundi, mimi ni mzee wa Mpwapwa. Nina kaseti thelathini na kitu za kwaya yetu na za zeze na ilimba, nyingine nilizirekodi mwenyewe miaka ya themanini. Wajukuu wanataka kuziweka kwenye kompyuta yao wasikilize kwa simu. Kijana mmoja amesema anaweza kwa siku moja. Nimpe?

Shikamoo mzee. Usimpe.

Kaseti ya dakika 60 huchukua dakika 60 kuihamisha, hakuna mkato. Thelathini kwa siku moja maana yake ni kwamba atazikimbiza au hatazisikiliza. Wajukuu wako wanaweza, wakiwa na subira. Watafute redio kaseti ambayo haiyumbi, wasafishe kichwa chake kwa pamba na spiriti, waache kikauke. Waya uchomekwe kwenye tundu la spika za masikioni, upande wa pili uende kwenye kompyuta. Kama kompyuta haina tundu la kuingizia sauti, kuna kidude cha USB cha kazi hiyo. Programu ni Audacity, ya bure. Sauti ipandishwe, ila mistari isiguse juu kabisa, hasa kwaya inapofika kwenye kiitikio, maana sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi hairekebishiki.

Wahifadhi kwa WAV. Dakika moja ni megabaiti kumi na ushei, kaseti nzima ya dakika 60 ni kama 635. Kaseti zako zote haziwezi kujaza hata robo ya diski ndogo inayouzwa leo, kwa hiyo wasizibane kuwa MP3 kwa kisingizio cha nafasi. Wakitaka za simu watengeneze nyingine pembeni. Na wewe mzee kaa nao. Kila kaseti ikianza, useme mbele ya simu inayorekodi nani anapiga zeze, nani anaimba, ilikuwa kijiji gani na sherehe gani. Maneno hayo wayaandike kwenye jina la faili. Mimi nina dakika nne za mama yangu, na kuna jina moja analitaja mle ambalo hakuna aliye hai anayeweza kuniambia ni la nani.

Kaseti ambayo haizunguki isilazimishwe. Mara nyingi utepe umejibana ndani ya gamba lake. Niletee hizo siku ukija mjini, tutahamishia utepe kwenye gamba jingine.

Na kabla ya kaseti yoyote kuingia kwenye redio, waambie wavunje vile vijino viwili vya plastiki mgongoni mwake, mtu asije akabonyeza kitufe chekundu.